Adelina Aliyebaki Nje ya Duara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye idadi ya majani ya mikorosho yote kutoka Nachingwea hadi Ruangwa bila kuyagusa, ajuaye lipi limedondoka leo na lipi linangoja kesho. Yeye hutoa na hazina yake haipungui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na dua zetu zimfikie kila aliyetufundisha herufi moja au tarakimu moja, awe hai au awe chini ya udongo. Baada ya kumshukuru Yeye, naomba ruhusa nisimulie mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, ambao nadhani ndio ulionifanya mwalimu. Cheti kilikuwa kimetangulia tu.

Juzi nimerudi kutoka kwenye arobaini ya Bi Somoe. Alikuwa mwenye nyumba wangu mwaka ule, katika kijiji kimoja cha upande wa Likunja ambacho jina lake nitaliacha lipumzike. Niliposhuka kwenye gari nilikuwa nimechoka, maana mgongo wa utu uzima hauna subira na barabara, na wajukuu wa marehemu wakaniambia, "Bibi Mwalimu, ingia ndani ujinyooshe kidogo kabla ya kisomo." Wakanipa chumba kilekile. Siku hizi kina sakafu ya saruji na bati juu, lakini dirisha ni lile dogo la kuelekea uani, na nilipojilaza kwenye mkeka nikasikia nje wanawake wakichambua mchele na kuzungumza kwa zile sauti za chini zinazopenya ukutani kama moshi. Sikuyashika maneno. Nikafumba macho, na sijui kama nililala. Ninachojua ni kwamba kwa muda fulani paa lilirudi kuwa la nyasi, ukuta ukarudi kuwa wa udongo wenye alama za vidole vya aliyeukandika, na mimi nikarudi kuwa msichana mwembamba mwenye sanduku la bati na msahafu uliofungwa kwenye kitambaa cha kijani, nikingoja kupambazuke nikafundishe.

Ilikuwa miaka ya tisini, vita vya Msumbiji vikiwa vimekwisha karibuni. Kati ya watu waliovuka mto Ruvuma kukimbilia kwetu, wengi walikuwa wamerudi makwao, na wengine walikuwa wamebaki, kwa sababu ukishapanda mkorosho mahali na kuzika mtu mahali, miguu inakuwa mizito. Wamakua waliobaki walikaa mwisho wa kijiji, penye kikanisa cha udongo, na sisi Waislamu tulikaa huku penye msikiti, na katikati palikuwa na shule, na watoto wa pande zote mbili walikutana pale asubuhi wakiwa wamelowa umande hadi magotini. Niliripoti mwezi wa Januari, mahindi yakiwa hayajafika kiunoni. Msimu ule ndio wa njaa, wazee wanaujua: ghala limebaki na harufu tu, na shamba bado ni majani. Jioni Bi Somoe alisonga ugali wa muhogo, mweupe na laini, tukaula kwa majani ya kunde, na mara chache sana kwa mbaazi alizokuwa amezificha kwenye mtungi mahali ambapo hata yeye alijifanya hapajui. Alikuwa Mmwera, mjane, mwembamba, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Kula, Mwalimu," alikuwa akiniambia. "Mchumba wako akija kukutafuta na kukukuta hivi, atadhani tumekufungia ghalani." Nilikuwa sina mchumba, na yeye alijua.

Nilipewa darasa la kwanza. Chumba chetu kilikuwa na ukuta wa matofali upande mmoja tu, pande nyingine fito na udongo, na dawati halikuwapo hata moja. Watoto walikaa chini, miguu imekunjwa, na jua la asubuhi liliingia kwa pembeni na kuwafanya wote wawe rangi moja ya asali. Nikikumbuka leo siwaoni sura moja moja. Naona ule mwanga, na vumbi likielea ndani yake, na vichwa vilivyonyolewa vikigeuka pamoja kama kuku waliosikia mlio. Kiswahili kwao kilikuwa kigeni. Mmoja aliota kwa Kimwera, mwingine kwa Kimakua, mwingine kwa Kimakonde, na mimi niliyetoka Nachingwea mjini nilisimama mbele yao na maneno yangu mengi ya chuoni yasiyo na pa kutua. Ndiyo maana niliamua kuwafundisha hesabu kwa mikono. Mbaazi haina kabila. Nilimwomba Bi Somoe kopo moja la mbaazi kavu, nikawagawia, nikasema, weka tatu hapa, weka mbili pale, zisogeze zikutane. Vidole vidogo vikazisogeza zikakutana, na mtoto ambaye hakujua jina la namba kwa Kiswahili aliiona namba yenyewe imekaa mbele yake kwenye vumbi, na alicheka. Kile kicheko sijakisikia mahali pengine. Ni cha mtu aliyekuta mlango palipokuwa na ukuta.

Lakini kila wiki kopo lilizidi kuwa jepesi. Nilikuwa na mtoto mmoja, Hasani, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka yote mawili. Siku moja nilimsimamia. "Hasani, ulikuwa na saba. Ziko wapi?" Akasema kwa shida, shavu limevimba, "Nimezitoa, Mwalimu." "Umezitoa ukaziweka wapi?" Akafumbua kinywa, nikaziona zimelala kwenye ulimi, zinalowekwa taratibu ili zilainike. Darasa lote likaangua kicheko, na wengi wakacheka huku wamefunga midomo, nikaelewa kwa nini. Nilipomsimulia Bi Somoe alipiga kofi paja lake. "Unawapa watoto wenye njaa mbaazi wazishike? Hata mimi ningejumlishia tumboni!" Akakataa kunipa nyingine hadi mavuno. Nikajaribu vijiti, ila mvua zilipokolea vijiti vyote vya karibu vilikuwa vimeoza au vimeota uyoga. Basi nikaona kwamba kitu pekee nilicho nacho kwa wingi, kisichoweza kuliwa, ni watoto wenyewe.

Nilichora duara kubwa sakafuni kwa chaki. Nikaliita nyumba. Watoto watatu wakaingia nyumbani, wakabisha hodi wawili, wakakaribishwa, nyumba ikawa na watano. Walipenda mno! Walibisha hodi kwa sauti za baba zao, walikaribishana kwa sauti za bibi zao, na mchezo ule ukaingia vichwani mwao kuliko wimbo. Aliyeupenda kuliko wote alikuwa Adelina, mjukuu wa Bibi Filomena, Mmakua wa kule mwisho wa kijiji. Alikuwa na gauni moja la njano lililokuwa la mtu mkubwa na kufupishwa kwa mkono, na akitembea alilishika upande mmoja kama mama anayevuka maji. Hakusema mengi, lakini nilipouliza nani atakuwa mgeni, mkono wake ulikuwa tayari juu kabla sijamaliza. Kujumlisha kulipokaa vizuri, tukaingia kwenye kutoa. Nilichagua watano waingie nyumbani, Adelina akiwemo. Nikasema, "Adelina, wewe toka nje ya nyumba. Nenda kule mlangoni." Akashika gauni, akavuka mstari wa chaki, akaenda kusimama nje ya mlango wa darasa, mikono imefungwa kifuani kama nilivyowafundisha. "Walikuwa watano, ametoka mmoja. Wamebaki wangapi?" Wakaimba, "Wanne!" Nikafurahi, nikawaambia waimbe tena, na wakati huohuo anga upande wa Nandagala ilikuwa imekuwa nyeusi kama chungu, na upepo ukaingia na harufu ya mvua. Kengele yetu, ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, ikagongwa haraka haraka ili watoto wawahi makwao kabla mito haijajaa. Wakatawanyika. Nilimwona Adelina akikimbia na wenzake, gauni limepanda hadi magotini, matone ya kwanza yakipiga mchanga.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Watoto walisema ana homa, na msimu ule homa ilikuwa mgeni wa kila nyumba, kwa hiyo nilimwombea na kuendelea. Siku moja jioni tulikuwa tunakula, Bi Somoe na mimi, Bibi Filomena akaja. Alikuwa mrefu, na alikuwa na michoro ya zamani usoni ya Wamakua, na kwa kawaida yeye na Bi Somoe hawakuweza kuonana bila kutaniana, maana makabila yao ni watani. "We Mmakua, leo umepotea njia ya shimo la panya?" Bi Somoe alianza. Lakini yule mama hakujibu utani. Bi Somoe akaweka tonge chini, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu umemwacha wapi?"

Nikadhani hakunielewa. "Hajaja shule siku hizi, Bibi. Nimesikia anaumwa."

"Mwili uko kwangu, kitandani. Nimempeleka zahanati, wamemchoma sindano za kwinini, homa imetelemka. Namuuliza yeye, Adelina, amka unywe uji. Ananiambia, Bibi, mimi nimetolewa. Nani kakutoa? Mwalimu. Kakutoa wapi? Nyumbani. Tulikuwa watano, nimetolewa, wamebaki wanne." Alisema maneno yale polepole, akiyapanga moja moja, kwa kuwa Kiswahili alikipata ukubwani. "Miye sikuja kugombana. Wewe umesoma. Ila kwetu mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi unasema wapo, Mungu anawajua. Siku ya kuvuka mto, mwenye mtumbwi alitusimamisha ng'ambo ile akatuhesabu kwa kidole, huyu, huyu, huyu. Tulipofika ng'ambo hii akatuhesabu tena." Hakumaliza. Akajifunga khanga upya. "Sasa wewe umewahesabu, umemtoa, halafu kengele ikagonga. Hukumrudisha. Njoo umrudishe."

Akaenda zake bila kungoja jibu. Ugali ukapoa kati yetu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimemaliza kusali, bado niko kwenye mkeka, niliposikia wanawake uani wakitwanga muhogo. Walikuwa wawili, michi ikipokezana, na maneno yao yalikuja katikati ya vishindo. "Anawapunguza watoto, huyo." "Nani?" "Mwalimu mgeni." "Anawapunguzaje?" "Anachora nyumba chini, anawaingiza, halafu mmoja anamtoa. Anayetolewa ndiye huyo." "Aah! Wangu haendi." "Na wangu haendi." Nilikaa pale na tasbihi mkononi, nikasikia mchi ukiendelea kushuka, na nikaona aibu ya ajabu, kama ile ya mtu anayesikia anazungumzwa ndotoni na hawezi kuamka. Siku ile darasa langu lilikuwa nusu. Siku iliyofuata walikuja wachache, na wale wachache walikaa karibu na mlango. Chaki niliishika lakini duara sikuchora.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwema na mkali, karibu na kustaafu, aliyevaa suti ya kaunda hata kwenye matope. Nilipomweleza kwamba nataka kwenda kwa Bibi Filomena, alivua miwani. "Mwalimu Zaituni, ukienda kule utakuwa umekubali kwamba hesabu inaroga. Kesho watakuja kuniambia jiografia inaleta ukame." Alitaka wazazi waitwe mbele ya serikali ya kijiji, waambiwe walete watoto au walipe faini. Nilimsikiliza. Alikuwa na haki, na mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka makubwa kuliko yake. Tangu udogo nilifundishwa, kwenye chuo cha Kurani cha Nachingwea, kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mola peke yake, na kwamba mwenye kudhani mstari wa chaki una uwezo amempa chaki sehemu isiyo yake. Niliogopa kwenda kufanya kitu kitakachofanana na uganga. Niliomba Mungu anionyeshe njia, nikaomba tena, na jibu halikuja kwa sauti wala kwa ndoto. Lilikuja kwa picha tu. Kila nilipofumba macho nilimwona Adelina amesimama nje ya mlango, mikono imefungwa kifuani, anangoja aitwe. Yeye hakuwa amesema nimerogwa. Alikuwa amesema nimetolewa, na hilo lilikuwa kweli. Mwanafunzi wangu mtiifu kuliko wote alikuwa bado anafuata agizo langu. Na tena mwalimu wangu wa dini hakuwahi kutufundisha kwamba kumtembelea mgonjwa kunahitaji sababu nyingine zaidi ya ugonjwa wake. Nikamwambia Mwalimu Mkuu, "Mtoto yuko nje, Mwalimu. Nakwenda kumwita aingie." Akanitazama, akavaa miwani. "Nenda," akasema. "Lakini chaki ya shule uiache hapa."

Ilibaki shida moja, nayo niliiona nilipofika nyumbani. Nitamrudishaje bila kuwahesabu watoto wengine tena, mbele ya bibi asiyetaka wahesabiwe? Bi Somoe alikuwa anapepeta. Alinicheka, kicheko cha kwanza tangu jioni ile. "Nyie wa mjini mna vichwa vya kupambia. Hata sisi kwenye shughuli hatuhesabu watu, mwanangu. Msiba ukiwa mkubwa, mpishi anajuaje walaji ni wangapi? Anahesabu sahani. Mtu haguswi na namba. Anaguswa na sahani yake." Akapuliza pumba. "Waambie waje na vikombe. Uji nitapika mimi, na yule Mmakua atoe sukari kama anayo, asinifiche." Alisema hivyo akijua kabisa kwamba yule Mmakua hana sukari, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa nayo, robo kilo, kwenye mtungi uleule wa siri. Kisha akatoka, akapita nyumba kwa nyumba, na mdomo wake usio na mlango ukafanya kazi ambayo serikali ya kijiji isingeiweza. Sijui aliwaambia nini akina mama. Nilisikia kipande kimoja tu, upande wa pili wa uzio wa matete: "Kama unaogopa, njoo na wewe umshike mkono. Lakini kikombe umpe."

Tulifika kwa Bibi Filomena baada ya adhuhuri. Uani pamefagiwa hadi mchanga una mistari ya ufagio, na pembeni ufuta mchanga ulikuwa umeanza kuchanua, vile vikengele vyeupe vinavyoinama, na nyuki walikuwa wengi hivi kwamba hewa yenyewe ilikuwa inanguruma kidogo. Akina mama walisimama kwenye kivuli cha ukuta na khanga mdomoni. Nikachuchumaa nikachora duara kwa kidole. Nikawaita wale wanne waliobaki nyumbani siku ile, Hasani mmoja wao, na sikuwaambia waingie. Niliwaambia waingize vikombe. Vikombe vya bati vilivyochubuka rangi, kimoja kina mpini wa waya, vikakaa kwenye mchanga. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na giza la baridi, na ndani ya giza lile nilijua kuna kitanda cha kamba na macho mawili. Nikainua sauti ile ya darasani.

"Bismillah. Nyumbani kuna vikombe vingapi?"

"Vinne, Mwalimu!"

"Juzi vilikuwa vingapi?"

Wakatazamana. Hasani akasema, kwa pengo lake, "Vitano. Cha Adelina kilitoka."

"Kiko wapi?"

"Kiko ndani!"

"Kikija, tutakuwa na vingapi?"

Walianza kujibu, na mimi nikainua mkono wakanyamaza. Sikutaka jibu litoke kwao. Tukangoja. Nilikuwa nimesomeshwa chuoni namna ya kuuliza swali, lakini hakuna aliyenifundisha namna ya kungoja, na pale uani nilijifunza. Nyuki waliendelea. Mama mmoja alikohoa. Bibi Filomena alikuwa amekaa kizingitini, hakugeuza shingo kutazama ndani, ameweka mikono magotini kama mtu kanisani, na midomo yake ilikuwa inatembea. Mimi nami yangu ilikuwa inatembea. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaomba kwa maneno gani. Na nikiyakumbuka leo, kipindi kile hakina urefu. Kingeweza kuwa cha kupepesa jicho, kingeweza kuwa mchana mzima, naona tu ule mlango mweusi na mwanga uani, kama vitu vilivyochorwa.

Kisha tukasikia kamba za kitanda zikilia. Adelina akatokea mlangoni. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, na gauni lile la njano sasa lilitosha kuingia wawili. Mkono mmoja umeshika gauni, mkono mwingine umeshika kikombe. Jua likampiga, akafinya macho. Bibi yake akajisogeza apite, bila kumgusa. Akashuka, miguu inatetemeka, akafika kwenye duara, akaitazama ile alama ya kidole kwa muda, akavuka. Akakiweka kikombe chake katikati ya vile vingine, akarekebisha mpini ukaangalia mahali alipotaka. "Vitano," akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya karatasi. Kisha akaniangalia na kuuliza swali ambalo lilinitoa machozi kuliko yote, "Mwalimu, kengele bado haijagonga?" Nikamwambia, "Bado, mwanangu. Bado haijagonga."

Mimi sikubaliani na wanaosema alipona kwa ajili ya kikombe, wala sibishani na wanaosema ni kwinini. Mponyaji ni mmoja, na njia zake anazichagua mwenyewe, na anaweza kuziweka mbili katika mtoto mmoja. Uani pale hakuna aliyetaka kubishana. Bi Somoe alikuwa tayari anakoroga sufuria kwa sauti kubwa, akimwambia Bibi Filomena, "Ona, Mmakua, sukari yangu imeisha kwa ajili yako. Utalima kwangu hadi ufe." Na Bibi Filomena, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile, akamjibu, "Uji wako huu? Mmwera akipika, hata nguruwe anaaga." Akina mama wakacheka, khanga zikashuka midomoni, watoto wakasogea na vikombe vyao, na duara langu la kidole likavurugwa na miguu na halikuonekana tena.

Ndipo Bibi Filomena akainuka, akaingia ndani. Alikaa kidogo. Alitoka na kikombe kingine, cha bati la bluu, cha namna ambayo haiuzwi kwetu, ya ng'ambo ile ya mto, kimepondeka upande mmoja lakini kimesuguliwa kwa majivu kiking'ara. Akakiweka chini pamoja na vya watoto. Hasani, mwanafunzi wangu aliyependa kuwahi, akanyoosha kidole na kuanza, "Sasa vimekuwa..." Adelina akamshika kile kidole, akakiinamisha chini taratibu.

"Cha nani hicho, Bibi?" mtoto mwingine akauliza.

"Cha mtu," Bibi Filomena akasema. "Kunyweni uji."

Wote wakanitazama mimi, mwalimu, nitaje namba. Sikuitaja. Bi Somoe akapita na upawa, akajaza kikombe cha kwanza, na cha pili, na alipofika kwenye kile cha bluu hakupunguza mkono. Akakijaza sawasawa na vingine, mvuke ukapanda, akaendelea mbele bila neno la utani.

Ewe ndugu msomaji, popote ulipo, Mwenyezi Mungu akufikishie salama kila anayerudi kwako jioni ya leo. Na yule ambaye hatarudi, Mola amjalie utulivu huko aliko, akupe na wewe moyo wa kumwekea nafasi bila uchungu. Amina.